Siku sita juu ya maji: safari ya kumvua besi kwa chambo kinachoelea

Siku ya kwanza

Nilifika ziwani jua likikaribia kuzama. Mjomba alikuwa ametangulia tangu mchana. Nilimkuta ameketi kwenye ubao wa mashua akitazama maji, fimbo zake bado zimefungwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu nione ulichobeba."

Nikamfungulia sanduku. Mlikuwa na vyambo bandia kumi na saba, vyote vya kuvulia juu ya maji, vyote vya kumvulia samaki aitwaye besi wa mdomo mpana: vya kijani, vya rangi ya fedha, vyenye macho mekundu, vyenye madoa ya chura. Nilivinunua kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na karibu vyote nilivichagua kwa rangi. Mjomba alivipitia kwa kidole bila kusema neno, akatoa vitano na kuvilaza ubaoni. Kimoja kidogo chenye uso uliobonyea kama kijiko. Kimoja kirefu cha umbo la sigara. Chura wa mpira mwenye tumbo tupu. Kimoja chenye pangaboi dogo la bati linalozunguka kwenye waya. Na kimoja kifupi, kinene, cheusi tii, chenye kibati kipana usoni. Vilivyobaki akavifungia, sanduku akalisukuma chini ya kiti.

"Hivi vinatosha siku sita," alisema. "Kila kimoja kina maji yake. Kazi yako ni kuyasoma maji kabla hujafunga fundo."

Kabla giza halijaingia tulipima joto la maji: nyuzi 22. Nilifurahi, maana besi hana joto lake mwenyewe, mwili wake hufuata maji. Yakishuka chini ya nyuzi 15 hivi, huwa mzito na huona uvivu wa kupanda mpaka juu. Kwa 22 alikuwa na kila sababu ya kupanda.

Siku ya pili

Alfajiri ziwa lilikuwa limelala kabisa. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na kiwimbi, na gogo lililoanguka kutoka ukingoni lilionekana mara mbili, moja juu na moja kichwa chini. Mjomba alipiga kafi polepole mno, tukasimama umbali wa kurusha.

Nilifunga kile cha umbo la sigara. Kilikuwa kikubwa, kina gololi ndani zinazogongana, na mimi nilikipenda. Mara ya kwanza nilipokirudisha, maji yalivimba nyuma yake, kitu kikakifuata hatua nne tano, kisha uvimbe ukazama. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu niliona mkia ukigeuka.

"Unabisha hodi kwa rungu," mjomba alisema. "Watu bado wamelala."

Kwenye maji shwari hakuna kinachoifunika sauti. Besi anayo masikio, na juu ya hayo ana mstari ubavuni, kutoka kichwani hadi mkiani, unaohisi kila mtikisiko wa maji. Kishindo ambacho kwenye mawimbi kingemwita, hapa kilimshtua. Tena uso ukiwa kama kioo, anapata nafasi ya kukikagua chambo kutoka chini kwa raha zake. Siku kama hiyo anahitaji kitu kidogo, cha sauti ya chini, kinachokaa mahali pamoja.

Nikafunga popa, kile chenye uso uliobonyea. Kina urefu wa kidole changu cha kati, si zaidi. Ndoano ya nyuma imefungwa manyoya meupe machache kwa uzi mwekundu, na nilikuwa sijawahi kuyatazama kwa makini mpaka asubuhi hiyo, kilipokuwa kimesimama karibu na ubavu wa mashua. Mimi sikugusa chochote, mshipi ulikuwa umelegea, lakini manyoya yalikuwa yakifunguka na kujifunga, yakifunguka na kujifunga, kama kitu kinachohema. Uso ulitazama juu kidogo, mkia ulining'inia ndani ya maji. Nikainama kadiri nilivyoweza nijaribu kukiona kama anavyokiona yeye: tumbo jeupe, manyoya, na kivuli dhidi ya mwanga wa mbingu. Ule mgongo wa kijani wenye magamba yaliyochorwa kwa ustadi, uliofanya nikinunue, yeye chini haumfikii. Tangu hapo kuhusu rangi nauliza jambo moja tu, tumbo likoje. Mchana nataka jeupe au la rangi ya mfupa, gizani nataka jeusi.

Nilikirusha mbele ya gogo, si juu yake, ili kije kupita ubavuni pake. Kikatua, duara za maji zikatawanyika. Zamani ningeanza kuvuta hapo hapo. Mjomba aliniwekea mkono begani mpaka duara ya mwisho ilipopotea. Nilihesabu hadi kumi na nne. Ndipo nikapiga ncha ya fimbo chini mara moja, kifupi, na popa akatema maji: kup! Nikangoja tena duara ziishe.

Alikuja kwenye kup ya tatu. Maji yalipasuka, nami nikavuta kwa nguvu zangu zote, na popa akanirudia hewani akapita karibu na sikio, ndoano zote mbili zikiwa wazi. Niliogopa kweli. Ndoano za ncha tatu zikirudi kwa kasi ile zinaweza kuingia jichoni, na tangu hapo sikuvua tena bila miwani.

Mjomba alingoja nitulie. "Umemvuta kwa macho," alisema. "Macho yana haraka. Ukiona maji yamepasuka haina maana ameshakishika. Subiri mkono ukwambie."

Alivyosema ni rahisi kueleweka na ni vigumu kutenda, maana maji yanapolipuka mbele yako mwili mzima unataka kuruka. Nilimkosa wa pili vile vile. Kwa wa tatu niliuma meno. Nilisikia mlipuko, nikaona mshipi ukianza kutembea upande, na hapo ndipo uzito ulipofika mkononi. Nikainua fimbo tu. Alikuwa besi wa sentimita 38, kijani kibichi mgongoni, mstari mweusi wa rangi ubavuni ukiwa umekatikakatika. Tukapata wengine watatu kabla ya saa mbili na nusu. Kisha jua likalifikia gogo, na gogo likanyamaza.

Siku ya tatu

Upepo ulianza usiku na haukuacha. Maji yalikuwa na viwimbi vya kwenda gotini, na mimi, kwa kuwa popa alinipa samaki jana, nilifunga popa. Nilimrusha kwa nusu saa. Alipotea katikati ya viwimbi kama kijiti. Kup yake niliisikia mimi mwenyewe kwa shida.

Hapo nikaelewa maana ya kila kimoja kuwa na maji yake. Rungu la jana leo lilikuwa ndiyo hodi yenyewe. Mawimbi huvunja mwanga, samaki hawezi kukikagua chambo kwa utulivu, na sauti ndogo humezwa. Anahitaji kitu kikubwa cha kelele, na kwa kuwa haoni vizuri, hukata shauri haraka.

Nikakifunga tena kile cha umbo la sigara. Umbo hilo ni la zamani. Kampuni ya Heddon ya Dowagiac, Michigan, huko Marekani, ilikuwa ikiuza la mti katika miaka ya 1920 kwa jina la Zaragossa, na mwaka 1939 ikatoa la plastiki, Zara Spook, ambalo bado linauzwa. Hakina mdomo uliobonyea, hakina pangaboi, hakina kibati. Kukivuta tu moja kwa moja ni kuvuta kijiti. Uhai wote unatoka mkononi mwa mvuvi, na nadhani ndiyo sababu wengi hukinunua kisha wakakiacha sandukuni.

Namna yake ni hii. Ncha ya fimbo inatazama chini, karibu na maji. Unapiga kifupi kwa kifundo cha mkono, kisha papo hapo unaurudishia mshipi ulegee. Pua ya chambo inageuka kushoto. Unapiga tena, unalegeza, inageuka kulia. Kile kulegeza ndiyo siri: mshipi ukibaki umekazwa, chambo hakina nafasi ya kugeuka, kinakuja kimenyooka. Mkono wa rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, unakunja ule ulegevu kidogo kidogo kufuata mdundo. Ukipatia, kinatembea kama mtu anayeyumba njia nzima, kushoto, kulia, kushoto.

Changu hakikutembea. Kilikuwa kikichovya pua na kuzama. Nilidhani kosa ni la mkono, mpaka mjomba alipoushika mshipi na kuupitisha kati ya vidole. Nilikuwa nimejaza mshipi wa florokaboni. Ni mzuri kwa chambo cha chini kwa sababu huzama, na kwa sababu hiyo hiyo hauchukuliani na chambo cha juu: unavuta pua. Tukabadilisha rili nzima, tukaweka nailoni inayohimili uzito wa ratili 15, inayokaa karibu na uso wa maji, na puani tukafunga fundo la kitanzi ili chambo kicheze huru. Fimbo tulichukua ile inayopinda katikati. Ndoano za ncha tatu ni nyembamba, na fimbo ngumu huzichomoa mdomoni au huuchana mdomo wenyewe.

Kisha tulielekea ukingo uliokuwa ukipigwa na upepo, ambao kila mtu angeukwepa. Upepo husukuma chakula kidogo kidogo cha majini upande huo, samaki wadogo hukifuata, na besi huwafuata samaki wadogo. Saa nne, jua likiwa limeshapanda, wakati ambao jana hakuna kilichotikisika, samaki alikirusha chambo changu hewani kama mpira. Nikasimamisha mkono kwa mshtuko.

"Tembeza! Tembeza, usisimame!"

Nikatembeza. Akarudi, akakikosa. Nikatembeza, moyo ukinidunda, na mara ya tatu mkono uliniambia. Sentimita 46. Tulipata watatu siku hiyo, wote hivyo hivyo, wakikosa kwanza na kurudi. Windo lililojeruhiwa hukimbia, na linaloganda ghafla baada ya kupigwa humtia shaka.

Siku ya nne

Upepo ulikufa, joto likapanda, na mjomba alitupeleka kwenye ghuba iliyofunikwa na mayungiyungi. Majani yalikuwa yamegusana kiasi kwamba mahali pengine hukuona maji kabisa. Besi wakubwa hujificha humo mchana kwa sababu ya kivuli, wakiangalia juu.

Chambo chochote chenye ndoano wazi kingenasa kwenye jani la kwanza. Chura wa mpira ndoano zake ni mbili, zimelala juu ya mgongo, zimeubana mwili. Samaki akiuma, mpira unabonyea na ncha zinajitokeza. Mjomba alichukua mkasi akaikata miguu yake ya nyuzi, mmoja mfupi kuliko mwenzake kama upana wa kidole. Nilisikitika kidogo kuona chambo kipya kikikatwa, lakini miguu mirefu humburuza chura, na akikatwa hivyo hugeuka kwa wepesi zaidi mahali alipo.

Vifaa vingine vyote vilibadilika. Mshipi wa kusuka wa ratili 65, umefungwa moja kwa moja kwenye chura, na fimbo ngumu kuliko zote. Jana tulitaka ulaini, leo tulitaka ubabe, kwa sababu samaki akinasa humo unampandisha yeye pamoja na shina na majani yaliyomzunguka. Ukimpa nafasi ya kushuka, umempoteza na pengine umemwacha na chambo mdomoni, jambo ambalo sipendi hata kulifikiria.

Nilimrusha mbali ndani ya majani na kumrudisha kwa kuruka, jani hadi jani. Kila palipokuwa na tundu la maji, ukubwa wa sinia, nilimwacha aingie na kukaa. Kwa zaidi ya saa moja, kimya. Kisha niliona jani moja likitikisika, hatua mbili kutoka kwa chura, bila upepo. Halafu jani lililofuata, karibu zaidi. Nilikuwa namwona samaki anakuja bila kumwona. Chura alikuwa tunduni, nami nikamtikisa kidogo tu, miguu yake ikafumbuka.

Tundu likafumuka. Nikajiambia: moja, mbili. Hakukuwa na uzito. Chura alikuwa amelala juu ya jani, amelowa, hana mtu.

Mjomba alikuwa tayari na fimbo ya pili, ameiweka mnyoo laini wa plastiki usio na chubwi hata chembe. "Hapo hapo. Haraka." Nikaurusha kwenye lile tundu huku maji bado yanachemka. Ukazama polepole, mshipi ukaruka. Alikuwa wa sentimita 41. Kwenye majani, samaki hupiga sauti na kivuli pasipo kuona vizuri, hivyo kukosa ni sehemu ya kazi hii. Aliyekosa kwa kawaida bado yupo palepale akitafuta alichokipiga.

Wa pili hakukosa. Alimchukua chura kwa sauti nzito ya kunyonya, bila kurusha maji mengi, na nilihesabu mbili, mkono ukaniambia, nikavuta kwa mgongo mzima. Alipanda na rundo la majani kichwani. Tulimpima kwenye maji ya ubavu wa mashua: sentimita 54. Nililowesha mikono kwanza, nikashika taya la chini kwa gumba na kuutegemeza tumbo kwa mkono wa pili ili uzito wake wote usiangukie taya. Mjomba akatoa ndoano kwa koleo. Vile vijino vya nyuma vya ndoano tulikuwa tumevibana tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ilitoka mara moja. Nilimshikilia ndani ya maji akifungua na kufunga matamvua, mpaka alipojivuta mwenyewe kutoka mkononi.

Chura alikuwa amejaa maji. Nikambonyeza, yakatoka kwa matundu ya ndoano.

Siku ya tano

Mawingu mazito na manyunyu asubuhi. Siku ya mwanga hafifu, besi hana haja ya kuganda kivulini, huzagaa, na ukikaa na popa kwenye gogo moja unaweza kungoja asiyekuwapo. Tulifunga kile chenye pangaboi. Hiki hakielei chenyewe, ukiacha kukunja kinazama, kwa hiyo rili lazima ianze kuzunguka wakati kinagusa maji. Faida yake ni kupitia maji mengi kwa muda mfupi. Wawili walikipiga kwa nyuma bila kunasa, tukaongeza ndoano ya pili ya mkia, na wa tatu akashikwa na hiyo. Mengine ya asubuhi hiyo yalikuwa kulowana.

Usiku mawingu yaliondoka. Mjomba alisema tutoke tena, bila kuwasha tochi juu ya maji. Alifunga kile cheusi, Jitterbug, kilichobuniwa na Fred Arbogast wa Ohio na kuanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Kibati cha usoni hukipeleka huku na huku, kikigugumia: gulup, gulup, gulup. Unakunja kwa mwendo mmoja, hausimami, hauharakishi. Gizani samaki hukilenga kwa sauti, na ukibadilisha mdundo unamhamishia shabaha. Weusi una kazi yake pia: dhidi ya anga la usiku, hata lenye nyota tu, kivuli cheusi ndicho kinachosomeka vizuri kutoka chini.

Sikuona kitu. Nilikuwa na sauti ile tu, ikija kutoka gizani kuelekea kwangu. Kisha gulup moja haikumalizika. Maji yalilipuka mahali fulani, na mimi sikuvuta, kwa sababu sikuwa na cha kukiona. Uzito ukafika, nikainua. Ikawa hivyo kwa wanne mfululizo, na sikumkosa hata mmoja. Siku nne nilikuwa napigana na macho yangu, na usiku huo hayakuwa na la kusema.

Siku ya sita

Asubuhi ya mwisho ziwa lilikuwa kama kioo tena, tukarudi kwenye gogo la kwanza. Nilifunga popa bila kuuliza. Nilingoja duara zife, nikapiga kup, nikangoja. Samaki alipanda, tulimwona wazi, akasimama kiganja kimoja chini ya manyoya, akakitazama chambo na kurudi chini. Akaja mwingine, naye akarudi. Walikuwa wameshaisikia sauti hiyo siku ya pili, na huenda mmoja wao nilimshika kwa mkono huu huu.

"Mjomba, naomba nifungue sanduku."

Alinitazama. "Fungua."

Nilijua ninachokitaka. Ni chembamba, chepesi, kina pangaboi dogo mbele na jingine nyuma. Hakitemi maji, hakitembei. Ukikigusa kinatoa mchirizo mdogo, chrr, kama kereng'ende aliyeanguka majini anayejaribu kuruka, na hakisogei zaidi ya upana wa mkono. Nilikuwa nimewaza juu yake kwa siku kadhaa. Naamini maji shwari yana haki ya vyambo viwili, kimoja cha kuita na kimoja cha kunong'ona, na mjomba alikuwa amechagua cha kuita peke yake.

Nilikirusha palepale. Duara zikaenda, zikafa. Chrr. Nikangoja mpaka mkono ukaanza kuchoka kwa kutofanya chochote. Chrr.

Hakulipua maji. Chambo kilizama tu, kimyakimya, kikiacha kiduara kama cha tone la mvua. Mkono ukaniambia.

Tulipomwachia, mjomba alikichukua kile chambo, akakikung'uta maji, akapuliza mapangaboi kuona kama bado yanazunguka vizuri. Vile vitano vilikuwa vimepangwa ubaoni vikikauka ili ndoano zisishike kutu. Akavisogeza kidogo kwa kidole, akakilaza cha sita pembeni mwa popa.